Miaka Yangu na Santuri za Bendi Zisizojulikana

Wanjiru na Amani, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjaja, na mliniomba wakati nimeshika kipande cha keki ya kuniaga mkononi, hali ambayo mtu hukubali chochote. Nimestaafu wiki tatu sasa. Bado naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, navaa vizuri, nakaa mezani hapa Irving, halafu nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Basi naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha maandishi kiliishia kwenye kadi za katalogi, na nikikitumia kwa barua kila sentensi inataka namba.

Kazi niliipata kwa mwandiko. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mume wangu alikuwa ameajiriwa uwanja wa ndege huku ughaibuni, nami nikawa nashinda kwenye apartment nikiyafahamu mapazia ya majirani. Nyumbani Tanga nilikuwa karani wa masijala. Ninyi hamkuyaona mafaili yale: kila barua ina namba, kila namba ina mahali pake, na barua ikipotea anayeulizwa ni karani. Siku moja, kwenye chumba cha mashine za kufulia, nikaona karatasi ukutani. Duka la santuri kuukuu huko Garland lilikuwa linatafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Hawakutaja cheti chochote.

Mwenye duka, Bwana Harlan, mnamkuta sasa akiwa mpole. Wakati ule alikuwa mrefu kama ngazi, suruali imeshikiliwa na mikanda ya begani, na sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ujanani alisimama karibu mno na spika. Alinipa kalamu na kadi tupu, akaniambia niandike jina langu. Akaitazama kadi ile kwa muda.

"Unaweza kuanza leo?"

Nikamwambia mume wangu ananisubiri nje kwenye gari.

"Mwambie aende," akasema.

Alichokuwa akikusanya kilinichukua wiki nzima kukielewa. Miaka ya sabini, katika miji midogo kila mahali, vijana wanne au watano walinunua magitaa, wakapiga roki nzito ya kupasua masikio, wakatengeneza santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala mia chache tu. Wakaziuza kwenye buti ya gari. Halafu wakaoa, wakawa mafundi bomba. Baadaye wapenzi wa muziki huo wakaanza kuziokota sokoni na kuziunganisha katika mikusanyiko, nyimbo kumi na mbili au kumi na nne kwenye santuri moja kubwa. Harlan alikuwa na ukuta mzima wa mikusanyiko hiyo. Lakini ilimkera, maana wengi wa walioitengeneza hawakujua lolote kuhusu waimbaji, na wengine hawakuuliza. Nyuma ya jalada waliandika tu: bendi haijulikani. Harlan aliamua kwamba kwa kila wimbo uliomo ukutani pake ataipata santuri ndogo ya asili, atawapata watu wake, kisha atatoa mikusanyiko yake mwenyewe yenye majina kamili na idhini ya wenyewe. Nami niandike kadi.

Nilipomwelewa nikafurahi. Ilikuwa masijala, ila mafaili yanapiga kelele.

Siku ya kwanza aliponiwekea wimbo nilisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha nikamwambia kwa upole kwamba mashine yake imeharibika. Alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilikulia kwenye muziki wa dansi. Gitaa kwangu lilikuwa kitu cha kubembeleza. Ilinichukua kama mwaka mmoja kutambua kwamba ndani ya zogo lile mna mtu anahesabu, anangoja, anamwachia mwenzake nafasi. Baada ya hapo nilizipenda baadhi. Si zote. Kuna moja inayohusu chura ambayo hadi leo naona haikustahili kadi.

Harlan alinifundisha kwa mikono, si kwa maneno. Santuri inashikwa ukingoni, kama unashika sahani ya moto. Inaoshwa kwa maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, unafuata mzunguko wa mistari, hukati katikati. Halafu unaiinamisha chini ya taa, na mikwaruzo inajitokeza yenyewe. La muhimu kuliko yote: ile sehemu laini karibu na lebo, ambako sindano hufika wimbo ukiisha, mara nyingi imekwaruzwa herufi kwa msumari na fundi wa kiwandani. Lebo inaweza kudanganya. Herufi zile hudanganya kwa nadra. Nilikuwa nazisoma kwa kioo cha kukuzia na kuzinakili kwenye kona ya kadi, na ndiyo maana mnakuta kadi zangu zina kona iliyojaa takataka. Si takataka. Msizifute.

Nami nilikosea, tena vibaya. Mwezi Agosti mmoja, joto likichoma, niliacha sanduku la santuri kwenye kiti cha nyuma nikaingia dukani kununua mchele. Dakika ishirini tu. Niliporudi zilikuwa zimejikunja kama chapati. Nilifika Garland nikiwa na hotuba ya kujiuzulu kichwani. Harlan akaitoa moja, akaizungusha mbele ya macho, akasema, "Hii ni ya chura?" Haikuwa ya chura. "Bahati mbaya," akasema, na hilo hakulirudia tena.

Sehemu ngumu ilikuwa kuwatafuta watu. Tulianza na vitabu vya simu, baadaye kompyuta. Kazi ya kupiga ikawa yangu kwa sababu Harlan kwenye simu alipiga kelele. Kumpigia mtu wa makamo na kumuuliza kama alipokuwa na miaka kumi na tisa aliimba juu ya mazimwi si jambo dogo. Fundi mmoja wa Fort Worth aliuliza kwanza, "Nani amekufa?" Nilipomwambia hakuna, tumeupata tu wimbo wake, akamwita mkewe aje asikie. Mwingine alikuwa mchungaji. Alikubali wimbo utoke kwa sharti kwamba asitajwe kwa yale maneno ya shetani. Kwa hiyo kwenye mkusanyiko wetu wa pili, mahali pa mpiga dramu, imeandikwa "rafiki". Sasa mnajua.

Nifike kwenye ile mnayotaka kuisikia.

Kulikuwa na gulio la santuri Houston, kwenye ukumbi wa hoteli, nasi tulikuwa tukienda kila mwaka, saa nne za barabara na Harlan akiendesha kama aliyebeba mayai. Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mkusanyiko fulani wa Ulaya uliomalizika kwa wimbo ambao yeye alikuwa nao kwenye kaseti mbovu. Bendi haijulikani. Kiingereza cha wimbo huo kilikuwa cha ajabu, gitaa lilinguruma kama lori linalopanda mlima, na katikati, kabla tu gitaa halijaachiwa liende peke yake, mtu alipiga kelele maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wakusanyaji walikuwa wameyabishania kwa miaka. Harlan mwenyewe aliandika katika jarida lao kwamba bendi ilikuwa ya askari kutoka Louisiana na yale maneno ni dua ya kichawi ya huko mabwawani. Mkusanyiko wetu wa tano ulikuwa tayari kwenda kuchapwa, wimbo huo ukiwemo na maelezo hayo, kwa mara ya kwanza bila majina wala idhini.

Akaipata santuri hiyo. Muuzaji akaiweka kwenye mashine ndogo, na wanaume sita wenye mvi wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nakunywa chai pembeni. Kwenye kaseti ya Harlan yale maneno yalikuwa mkoromo tu. Hapa yalitoka safi:

"Punguza, weye! Utaunguza mashini ya padiri!"

Chai ilinipalia. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Wale wanaume wakaniangalia kama nimecheka msibani.

"Ni Kiswahili," nikasema. "Anamwambia mwenzake apunguze sauti. Anasema ataiunguza amplifaya ya padri, ile mashine ya kukuza sauti."

Harlan akainua sindano, akairudisha nyuma. Tukasikiliza tena. Akarudia mara ya tatu.

Mtadhani alifurahi. Tulipokaribia Garland akasema kwamba labda nimesikia nilichotaka kusikia, kwamba sikio la mtu aliye mbali na kwao humfanyia hivyo. Jumatatu akanipa maelezo yake ya Louisiana niyanakili kwenye kadi ya mwisho.

"Sitaiandika," nikasema.

Kwa miaka karibu kumi sikuwahi kumkatalia. Yeye alishangaa, lakini mimi nilishangaa zaidi. Nikaifunga kalamu.

"Hujui hata ni akina nani," akasema.

"Sijui. Ndiyo maana sitaandika kwamba najua. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, Bwana Harlan. Kama tutaandika jina la uongo, afadhali tuandike kwamba hawajulikani, tuwe kama wale wengine."

Akaenda kusimama mbele ya ukuta wake, akinipa mgongo. Kisha akapiga simu kwa mchapaji, akamwambia asubiri hadi Pasaka.

Nilikuwa na wiki saba. Nikanakili wimbo kwenye kaseti kumi na mbili, kila moja nimeiandika namba ya simu ya duka. Moja niliipeleka kwa Mama Furaha wa Fort Worth, Mkongo niliyefahamiana naye hospitalini alikokuwa akihudumia wagonjwa. Alisikiliza jikoni kwake, kijiko hewani.

"Huyu ni mutu wa kwetu," akasema. "Ninyi Watanzania munasema padri. Sisi tunasema padiri. Tena huyu ni wa Bukavu, sikia vile anavuta."

"Una uhakika?"

"Mama, mimi nilizaliwa kule. Lete kaseti ingine."

Alizigawa kwenye makanisa, kwa wale wanaopanda gari moja kwenda kiwandani Garland, kwa shemeji yake aliyekuwa anahamia Houston. Nilizipeleka nyingine kwa Watanzania wa Irving, ambao walinihurumia. Mchungaji mmoja alinirudishia yake kwenye bahasha, na barua kwamba ananiombea. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya nne hakuna kitu. Harlan hakuuliza, ila kila simu ilipolia alizima muziki.

Wiki ya sita simu ililia asubuhi, nikainua mimi.

"Allô? Ni nani anashika bendi yangu?"

Nikavuta kadi tupu karibu.

"Ile sauti inalalamika," akasema yule mtu, "ni ya mimi."

Aliitwa Papa Bisimwa. Alikuwa mpiga dramu. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi na familia yake miaka miwili nyuma, akaletwa Houston, na sasa alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Kaseti ilikuwa imemfikia kupitia yule shemeji, kwenye sherehe ya ubatizo.

Jumamosi tukaenda. Aliishi ghorofa ya pili, sebule safi, makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe. Alikuwa mfupi, amevaa tai kwa ajili yetu. Mkewe alileta soda na sambusa, na binti yao wa miaka kama kumi na sita, Esther, aliegemea mlango akitutazama kama watu wa kuuza bima.

"My dad was not in a rock band," akatuambia kwa Kiingereza kabla hatujakaa: baba yake hakuwahi kupiga roki.

Papa Bisimwa akatusimulia, nami nikitafsiri. Walikuwa watano, wanafunzi wa shule ya misheni. Jina lao Bana Radi, yaani watoto wa radi. Padiri mmoja Mbelgiji aliwapenda, akawaazima amplifaya ya kanisani, ile ya misa, akawarekodi mwenyewe kwenye karakana ya mbao. Kiingereza walikiokota redioni, hawakujua kinasema nini. Padiri alipokwenda kwao likizo alichukua utepe, akarudi na santuri chache kama zawadi, lebo tupu; nyingine zilibaki kwao Ulaya. Ya kwake Papa Bisimwa aliitunza hadi vita, siku ambayo watu walichukua watoto tu. Tangu hapo hakuwa ameusikia wimbo ule hadi kwenye ubatizo.

Harlan alikuwa na maswali ya miaka kumi na mitano. Lile la kwanza lilihusu mngurumo wa gitaa: walitumia kifaa gani? Wakusanyaji walikuwa wametaja vifaa vinane tofauti.

Papa Bisimwa alifikiri. "Mbuzi," akasema.

Nikamuuliza tena ili nisikosee.

"Mbuzi ya misheni. Iliingia mu karakana, ikatia pembe mu spika. Toka siku ile gitaa ikalia vile. Faraji, mupiga gitaa wetu, akasema tusitengeneze."

Nikamtafsiria Harlan. Aliandika kwenye daftari lake, kwa ule mwandiko usiosomeka, neno moja, akalipigia mstari mara mbili.

Tukaweka santuri. Papa Bisimwa alisikiliza bila kutikisika, mikono magotini. Kelele yake ilipofika akafumba macho kama aliyepigwa. Wimbo ulipoisha alisema ana ombi moja.

"Ile sauti ya mimi. Mnaweza kuitoa?"

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Faraji alipiga vizuri kuliko siku zote. Mimi nikamwaribia. Utepe ulikuwa moja tu, hatukuweza kurudia. Wiki nzima hakunisemesha. Sasa Faraji hayuko, alikufa na malaria mbele ya vita kuanza. Kama mnaandika majina yetu, toa ile makosa. Ibaki gitaa yake."

Nakiri kwenu, nilitamani kutafsiri vibaya. Sauti ile ndiyo iliyowaleta watu kwenye wimbo huo. Ndiyo iliyotuleta sisi kwenye kochi lile. Lakini nilitafsiri neno kwa neno. Harlan akawa mwekundu hadi masikioni. Nilimwona akimeza hotuba nzima.

"Mwambie ni wimbo wake," akasema mwishowe. "Akisema tukate, tutakata. Muulize tu kama anaweza kuusikiliza mara moja zaidi."

Akausikiliza. Safari hii Esther alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi la baba yake. Gitaa likapanda, likapanda, na ilipofika pale, yule msichana, ambaye tangu tufike hakutamka neno lolote ila la Kiingereza, akapiga kelele sambamba na santuri, kwa Kiswahili cha Bukavu kilichonyooka:

"Punguza, weye! Utaunguza mashini ya padiri!"

Akacheka mpaka akamwangukia baba yake begani. "Papa, ni wewe! Ndiyo vile unatupigia kelele kila siku! Ni wewe kabisa!"

Mama yake naye akaanza kucheka jikoni. Papa Bisimwa alijaribu kushikilia uso wa heshima, ukamshinda.

"Acha," akaniambia akipangusa macho. "Acha ibaki."

Harlan akauliza swali la mwisho: je, mashine iliungua?

"Iliungua," akasema Papa Bisimwa. "Siku ile ile. Padiri alihubiri na mudomo mutupu mpaka Noeli."

Harlan alitunga maelezo mapya njiani, yeye akitamka nami nikiandika, na kwenye jarida la wakusanyaji akatuma barua fupi kwamba alikuwa amekosea kuhusu Louisiana na kuhusu uchawi. Ile ndiyo barua ninayomheshimia kuliko santuri zote alizotoa. Kadi niliiandika mimi, majina matano, kila moja nimelithibitisha herufi kwa herufi kwa simu.

Mkusanyiko ulipotoka, tulifungua duka Jumapili mchana. Walikuja wakusanyaji na mvi zao, akaja Mama Furaha na nusu ya kanisa lake, wakabanana kati ya masanduku wakitazamana kwa udadisi. Familia ya Papa Bisimwa ilitoka Houston alfajiri. Harlan alikuwa amefanya mazoezi ya majina wiki nzima, hadi nikayachoka. Akapanda juu ya kreti, akashika kadi yangu, akayasoma kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Bisimwa."

"Niko," akajibu Papa Bisimwa, akasimama wima.

"Mugisho."

"Iko Goma. Anauza dawa."

"Byamungu."

"Iko Kigoma. Aliniandikia."

"Zihalirwa."

"Hatujue. Tunamutafuta."

Harlan akasita kidogo. Jina la mwisho alilitamka polepole.

"Faraji."

Papa Bisimwa alitazama santuri iliyokuwa tayari kwenye mashine, akamfanyia Harlan ishara ya mkono ashushe sindano.

"Huyo," akasema, "mutamusikia."